Kuchagua Kamera ya Sinema kwa Mshahara wa Serikali

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya wilaya, mashariki ya Uganda, mahali ambapo ngurumo za malori yatokayo Malaba husikika usiku kucha. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha darasa la sita kwa miaka saba kabla ya kuhamishiwa ofisini. Siku za Jumamosi, na wakati wa likizo yangu ya mwaka, hutengeneza filamu. Sijaajiriwa na kampuni yoyote wala sina mfadhili. Ninao wenzangu wanne, na kila mwisho wa mwezi tunachanga. Filamu fupi tatu tumekwisha zimaliza kwa kamera za kuazima. Sasa tumeazimia kutengeneza moja ndefu, ya saa moja na nusu, kwa Kiswahili kile kile kisemwacho kambini, maana habari yenyewe ni ya kambini.

Habari ni hii. Tangu Machi 2007, jeshi la Uganda lilipokuwa la kwanza kupeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika, wako wanawake wengi katika nchi hii waliojifunza kuishi kwa kungoja simu. Dada yangu ni mmoja wao. Mumewe alikwenda mara mbili na akarudi mara mbili, namshukuru Mungu. Mwisho wa mwaka huu shemeji anastaafu, na askari akistaafu familia hukabidhi nyumba. Kota ile ya vyumba viwili watapewa watu wengine. Majirani zake dada, ambao ndio wachezaji wa filamu yetu, nao waume zao wanakaribia kustaafu au kuhamishwa. Mmoja atakwenda Arua, mwingine Soroti, mwingine Kasese. Tusipopiga picha kabla ya Desemba hatutapiga tena, kwa kuwa mlango ule, ua ule na wanawake wale hawatakuwa mahali pamoja.

Fedha tulizo nazo ni shilingi milioni 22. Kwa mtu wa ofisi ya wilaya hizo si fedha za kuchezea. Sehemu yangu ndani yake ingelipa karo ya watoto wangu wawili kwa mwaka na zaidi, na mama watoto, ambaye ndiye mwenye kushika daftari la nyumba yetu, hajaacha kunikumbusha jambo hilo, tena kwa upole ambao ni mkali kuliko ugomvi. Basi swali lililotukalisha baraza wiki tano lilikuwa moja: tupige filamu hii kwa kamera ipi?

Wenzangu wawili, vijana, walitaka kamera kubwa. Walisema kwamba filamu ya kambini ikipigwa kwa kamera ya harusi itaonekana ya harusi. Sikuwacheka. Yako maneno mengi ya ovyo yasemwayo juu ya kamera za bei kubwa, lakini hili la vijana wale lina kweli ndani yake, na ni wajibu wangu kueleza kweli hiyo ni kiasi gani.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, mna kibati kidogo kinachopokea mwanga. Juu yake mmepangwa mamilioni ya vijishimo, na kila kijishimo hukinga mwanga kama ndoo ikingavyo maji ya mvua chini ya paa. Mvua ikizidi, ndoo hufurika, na yaliyofurika hayapatikani tena. Ndiyo maana mbingu au ukuta mweupe katika picha mbaya huonekana kama karatasi tupu. Mvua ikiwa ya manyunyu, hupatikana matone machache yaliyochanganyika na takataka za paa. Ndizo zile chembechembe zinazotambaa katika sehemu za giza za picha. Kamera bora ni ile yenye ndoo pana na paa safi. Wapiga picha hupima upana huo kwa hatua, na kila hatua moja ni mwanga kuongezeka maradufu. Kamera ya hatua 13 inaweza kushika pamoja giza na mwangaza unaolizidi giza hilo kwa zaidi ya mara 8,000. Ya hatua 17 hufika mara 131,000. Tofauti ya namba mbili ndogo huzaa tofauti kubwa namna hiyo, na nilipokuwa mwalimu ningewapa wanafunzi wazidishe wenyewe ubaoni.

Kampuni ya Arri, iliyoanzishwa Munich mwaka 1917, ilitoa kamera yake ya Alexa mwaka 2010. Kijishimo kimoja cha kibati chake kina upana wa maikroni 8.25, yaani sehemu 8.25 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Katika kamera ndogo ya Blackmagic iitwayo Pocket 4K, iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 1,295, kijishimo kina maikroni zipatazo 4.6. Ukipiga hesabu ya eneo, ndoo ya Alexa ni zaidi ya mara tatu ya ile nyingine. Tena kila ndoo husomwa mara mbili kwa wakati mmoja, njia moja kwa ajili ya vivuli na ya pili kwa ajili ya mwanga mkali, kisha habari hizo mbili huunganishwa kuwa picha moja. Hiyo ndiyo siri yake, na si siri ya namba kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi. Kamera ya RED One ilikuwa na picha ya 4K tangu mwaka 2007. Alexa ilikuja nyuma yake na picha ndogo kuliko hiyo, lakini Hugo, Life of Pi, Gravity, Birdman na The Revenant, filamu tano zilizofuatana kupata tuzo ya Oscar ya upigaji picha, zote zilipigwa kwa kamera za ukoo wa Alexa. Wanaouliza kwanza kamera ina K ngapi huuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Nasi tunayo sababu yetu wenyewe ya kuuliza habari ya ndoo. Sisi ni watu weusi, na tunaishi juu ya mstari wa ikweta. Hapa kwetu jua halikai pembeni kwa muda mrefu. Ikifika saa nne asubuhi limekwisha panda, na saa sita liko utosini. Mtu akisimama uani wakati huo, macho yake huwa mashimo mawili meusi chini ya paji linalong'aa. Nyuma yake mna ukuta uliopakwa chokaa au paa la mabati linalorudisha jua lote. Kamera dhaifu hulazimika kuchagua: ama ukuta uonekane na uso upotee, ama uso uonekane na ukuta uungue.

Jambo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, mafundi wa maabara za picha walirekebisha rangi kwa kutazama kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, nazo zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ikimpendeza Shirley, ilihesabiwa kuwa sawa. Lorna Roth, mwanazuoni wa Canada aliyeandika juu ya jambo hilo, aeleza kwamba malalamiko yaliyosukuma kampuni kuboresha filamu zake yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliotaka rangi za hudhurungi zionekane zilivyo. Watu walikuwa wamelalamika, lakini chokoleti ilisikilizwa. Kamera za dijitali za daraja la juu zimeondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, wala sioni aibu kusema kwamba nilipoona kwa mara ya kwanza uso mweusi uliopigwa kwa Alexa kivulini, wenye rangi tatu au nne ndani ya weusi ule ule, nilitamani sana.

Kutamani si kulipa. Alexa 35, iliyotoka mwaka 2022 na ambayo kampuni husema ina hatua 17, iliuzwa kwa zaidi ya dola 60,000 bila lenzi hata moja. Kwa fedha zetu hiyo ni zaidi ya milioni 200. Hakuna mtumishi wa serikali atakayeinunua kwa njia ninayoweza kuieleza katika gazeti hili. Hata huko Ulaya na Marekani watu wengi hawainunui. Huikodi kwa siku. Basi kwetu sisi swali halikuwa la kununua kamera kubwa, bali la kuikodi.

Nairobi ziko nyumba zinazokodisha vyombo hivyo, na Malaba si mbali nasi. Nilipanda basi la usiku pamoja na mmoja wa vijana wale, tukalipia nusu siku ya majaribio kwa kamera tatu: Pocket 4K, kamera ndogo ya Sony iitwayo FX3, iliyotoka mwaka 2021, na Alexa Mini, ya mwaka 2015. Nyuma ya duka palikuwa na ghala lenye mlango wa chuma unaotazama ua wenye saruji nyeupe. Ilikuwa karibu saa sita. Tulimwomba mlinzi wa pale, mtu mweusi sana na mwenye subira, asimame mlangoni, nusu yake ndani na nusu yake nje, nasi tukampiga picha kwa kila kamera, mara tatu kila moja, kwa kuongeza na kupunguza mwanga.

Jioni tulitazama picha hizo chumbani kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu. Ya Pocket 4K ilitupa uso mzuri, ila ua wote ulikuwa umekwenda. Tulipoiokoa saruji, uso ulizama, na tulipouinua katika kompyuta ulikuja na chembe zake. Ya Alexa haikutaka kubembelezwa: uso ulikuwapo, jasho juu ya paji liling'aa bila kuungua, na saruji ilikuwa saruji. FX3 ilikuwa kati, lakini karibu zaidi na Alexa kuliko nilivyotazamia. Kampuni yake hudai kwamba ina hatua zaidi ya 15, na Arri husema Alexa Mini ina 14 na zaidi, lakini kila kampuni hupima kwa rula yake, na kwa macho yetu ya siku ile Alexa ilishinda. Kijana niliyekwenda naye alitabasamu. Nilijua maana ya tabasamu lile.

Kisha tukaomba bei. Kwa kamera, lenzi zake, betri, msaidizi ambaye nyumba ile haikubali kamera iende bila yeye, usafiri, karatasi za forodha na malazi, milioni zetu 22 zingetupa siku sita. Siku sita, na mfuko mtupu. Kitabu chetu cha filamu kinahitaji siku 19. Tumehesabu tukarudia kuhesabu: wanawake wetu huuza sokoni asubuhi, watoto hurudi shuleni saa kumi, mvua za Oktoba haziombi ruhusa, na kambi ina saa zake ambazo raia hawezi kuzipindua. Siku sita maana yake ni kumwambia mama aliyekosea neno kwa sababu ametokwa na machozi ya kweli kwamba hatuna nafasi ya kurudia.

Nilirudi na hesabu hizo nyumbani. Mama watoto alizisoma zote, akauliza swali ambalo hakuna yeyote kati yetu watano aliyekuwa amelitia katika daftari:

"Baba watoto, hawa akina mama watakaokaa mbele ya hiyo kamera siku sita, wao watalipwa nini?"

Nikamjibu kwamba wao wamejitolea.

"Wamejitolea kwa sababu hamjawauliza. Mwenye duka Nairobi mlimwuliza."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa dada. Nilitaka kuutazama mlango wake kwa macho ya majaribio yale, kwa sababu ndani ya filamu mna tendo moja ambalo ndilo kiini cha yote: mume anarudi saa sita mchana bila kutoa habari, na mke yuko ndani. Vijana walikuwa wameling'ang'ania tendo hilo kuwa ndilo linalodai Alexa. Katika picha waliyoichora, uso wa mume ungeonekana wazi mlangoni, ua ungeonekana nyuma yake, mwenge wa bendera, watoto, kila kitu. Nilimweleza dada habari hiyo nikiwa nimesimama pale pale kizingitini.

Dada alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Siku ile mimi sikuuona uso wake," alisema. "Niliona mtu mweusi tii amejaza mlango, na nje kote ni kweupe kama unga. Nilidhani ni mtu wa kuniletea habari. Unajua ni habari gani. Mdogo wangu, mpaka alipoingia hatua mbili, ndipo nikamjua."

Nilikaa kimya. Kwa muda wa wiki tano tulikuwa tumetafuta kamera ya kuona kile ambacho mwenye habari hakukiona. Jicho la mwanadamu lililozoea giza la ndani lilikuwa limeungua kwa jua la nje, sawasawa kama kibati cha kamera ndogo. Mlango mweupe, kivuli cha mtu, hofu. Halafu hatua mbili, na uso unatoka gizani kwa sababu mwanga umepimwa kwa ajili ya ndani. Kamera yoyote kati ya zile tatu ingeweza kufanya hivyo. Iliyo ghali zaidi ingefanya vilevile kama tungeiamuru, lakini hatuna sababu ya kulipa milioni 22 kwa uwezo ambao tungeufunga.

Sitaki msomaji aelewe kwamba kamera kubwa ni upuuzi. Kama habari yetu ingekuwa ya mume, na sisi tumesimama naye uani tukitazama ndani, tukihitaji kuona jua mabegani mwake na wakati huo huo macho ya mkewe gizani, basi ningesema tuuze pikipiki yangu. Nawaonya pia wale wapendao kutaja The Creator, filamu ya Gareth Edwards ya mwaka 2023, iliyopigwa kwa FX3, kana kwamba kamera ndogo ilimaliza kazi yote peke yake. Filamu ile ilikuwa na bajeti ya dola milioni 80. Kilichobanwa pale ni ukubwa wa kamera na wa msafara; taa na mafundi wa kuimalizia picha walikuwapo. Vilevile Sean Baker alipopiga Tangerine kwa simu ya iPhone 5s, ikatoka mwaka 2015, alikuwa amekwisha tengeneza filamu kadhaa na alijua anachokitaka.

Basi tumeamua. Tunakodi FX3 kutoka kwa mtu wa Kampala anayepiga harusi, pamoja na lenzi mbili, kwa shilingi 200,000 kwa siku, kwa siku zote 19, jumla milioni 3 na laki 8. Hatuinunui, kwa sababu ilipotoka iliuzwa kwa dola zipatazo 3,900, ambazo ni karibu milioni 14 kabla ya lenzi na kodi, na kamera hushuka bei upesi kuliko baiskeli. RED One iliyouzwa dola 17,500 mwaka 2007 bila lenzi, leo mwenye kuimiliki huiweka kabatini kama nishani. Mwenye harusi zake ana kazi ya kuilipia kamera kila Jumamosi. Sisi tungeilipia kwa filamu moja kisha tungeitazama.

Tumeipendelea kuliko Pocket 4K kwa sababu ya usiku. Kibati cha FX3 kina vipimo viwili vya asili vya mwepesi wa mwanga, 800 na 12,800, maana yake ukihamia cha pili unapata uwezo wa kuona kwa mwanga uliopungua mara 16, bila chembe kujaa kama inavyokuwa ukiilazimisha kamera. Pocket 4K nayo ina viwili, 400 na 3,200, lakini cha pili chake hakifiki huko. Nusu ya filamu yetu ni usiku, umeme umekatika, mwanamke anazungumza na mumewe aliye Mogadishu kwa mwanga wa simu yenyewe na wa taa moja ya sola. Tulijaribu pia jambo hilo kule Nairobi, na hapo kijana wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwalimu, hii inatosha."

Kwa matukio ya mchana uani tutatumia akili za zamani. Tutapiga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi, jua likiwa pembeni. Shuka mbili nyeupe za dada zitatandazwa juu ya kamba za kuanikia nguo ili kulilainisha jua la katikati. Ubao mweupe utashikwa na mtoto mkubwa upande mmoja wa uso, kwa kuwa ngozi yetu hupendeza kwa mwanga mpana unaotoka ubavuni na kuteleza juu yake, wala si kwa taa kali inayoelekezwa usoni kama ya polisi wa barabarani. Wenzangu wa polisi mnisamehe.

Kuna gharama nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni mahali pa kuweka picha. Alexa kubwa ya Mini LF, ikiandika picha ghafi ya ukubwa wake wote, hujaza karibu gigabaiti 1,800 kwa saa moja. Kamera yetu, kwa namna tutakayoitumia, itajaza kama 113 kwa saa. Tukipiga saa mbili kila siku kwa siku 19, tutapata gigabaiti zipatazo 4,300, na zitaingia katika diski moja ya terabaiti tano. Nakala ya pili itakuwa katika diski nyingine, itakayolala nyumba tofauti. Juu ya nakala ya pili sikubali mjadala. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, filamu iliyokuja kujulikana dunia nzima, ilibidi aifute kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na nakala ya asili ikapotea. Watu wanaicheka filamu ile na kuipenda, nami pia. Lakini kila nikiiona huwaza juu ya diski ambayo haikuwapo.

Mmoja wa vijana aliuliza kama kamera hii itatuzuia kuuza filamu nje. Nikamwonyesha jambo la ajabu. Netflix ina orodha ya kamera inazozikubali kwa filamu inazoziagiza yenyewe, na sharti lake mojawapo ni picha ya 4K. FX3 imo katika orodha hiyo, na Alexa Mini ile iliyotushinda kwa uzuri haimo, kwa kuwa kibati chake hakifiki ukubwa huo. Kwa filamu iliyokwisha kamilika ambayo hununuliwa baadaye, kama ilivyokuwa The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, orodha si kizuizi kama hicho. Hata hivyo, watazamaji wetu wa kwanza watakuwa katika vibanda vya video na katika ukumbi wa kambi, mbele ya projekta iliyochoka. Watu wale husamehe picha yenye chembe. Sauti isiyosikika hawaisamehi, nao wana haki. Kwa hiyo milioni mbili na nusu zimekwenda kwa fundi wa sauti na vinasa sauti vyake, na kijana aliyetaka Alexa amekuwa mkali kuliko wote katika kulitetea fungu hilo.

Akina mama sita watalipwa shilingi 50,000 kila mmoja kwa kila siku watakayofanya kazi, pamoja na chakula. Kiasi hicho kilipangwa na mama watoto, nasi tulikipitisha bila kupiga kura. Kilichobaki ni nauli, chakula, kompyuta ya kuunganishia picha, na akiba ya milioni mbili ambayo daftari lake haliko mikononi mwangu.

Dada ameuliza kama apake mlango rangi mpya kabla hatujaanza. Nimemwomba auache ulivyo, na pazia lake la zamani. Barua ya kuomba ruhusa ya kupiga picha kambini imekwisha pata sahihi mbili. Bado ya tatu, na afisa mwenyewe yuko likizo hadi Jumatatu.